Mgeni Ameingia Darasani: Namna ya Kusoma na Kuandika Hadithi ya Mwanafunzi Mpya

Nilihamia Kigoma nikiwa darasa la tano, katikati ya muhula, baba alipohamishwa kikazi kutoka Tanga. Siku ya pili nilichelewa. Mwalimu wa zamu akaniuliza mbele ya mstari kwa nini, nikajibu kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu. Nilisimama kidogo kuangalia bahari." Mstari mzima ukaangua kicheko. Lile ni ziwa, na mtoto wa Kigoma analijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Niliitwa Bahari mpaka nikamaliza la saba. Wapo watu pale Ujiji wanaoniita hivyo hadi leo, na ninaitika.

Sasa nafundisha Kiswahili, na kila Jumamosi nakaa na wanafunzi wanaopenda kuandika hadithi. Mada wanayoirudia kuliko zote ni hii ya mwanafunzi mgeni. Hadithi zao nyingi zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha majina huwezi kujua ipi ya nani, na inaniuma, kwa sababu waandishi wenyewe hawafanani hata kidogo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kuijaribu mada hii. Daftari moja, penseli na wiki tatu vinatosha.

Hatua ya kwanza: soma, na penseli iwe mkononi

Tafuta hadithi tatu au nne zenye mgeni ndani yake. Zinaweza kutoka maktaba ya mkoa, kabati la vitabu shuleni, au kinywani mwa bibi yako, maana ngano zetu zimejaa wasafiri wanaofika kwenye miji yenye desturi zake. Si lazima zote ziwe za shule. Mtu yeyote aliyeingia mahali ambapo wenzake wamekwisha kuzoeana atakufaa.

Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto andika kila jambo ambalo mgeni halijui. Upande wa kulia andika alivyolijua: aliambiwa, alichekwa, aliadhibiwa, aliiga, alikisia, au hakulijua kabisa mpaka mwisho. Ukimaliza, tazama upande wa kulia. Hadithi nyepesi utaikuta imeandikwa "aliambiwa, aliambiwa, aliambiwa" mpaka chini. Inayokushika utaona amekosea, amechekwa, amemwona mwenzake anafanya akafanya vilevile bila kujua sababu. Hapo ndipo msomaji anapojifunza shule pamoja na mgeni, kosa kwa kosa.

Mambo ya dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi yaache kwa ajili ya usomaji wa pili. Sisemi hayana maana. Nayafundisha na yanatoka kwenye mtihani. Ila nimeona kwamba mwanafunzi anayeanza na dhamira husoma kama mtu anayetafuta jibu lililofichwa. Anaruka viatu, anaruka chakula, anaruka nani kakaa karibu na nani, na vitu hivyo ndivyo anavyovihitaji anayetaka kuandika.

Hatua ya pili: amua mgeni wako ni mgeni wa namna gani

Watu husema "mwanafunzi mgeni" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja.

Yupo anayeingia kidato cha kwanza mwezi Januari. Huyu ana bahati, kwa sababu darasa zima ni njuka, yaani wageni, kama yeye. Woga wao wameugawana. Ukimwandika huyu, mgogoro wako hauko ndani ya darasa, uko kati ya darasa na waliotangulia.

Yupo wa kidato cha tano, anayefika Julai. Amepangiwa shule na serikali, pengine Tabora wakati yeye ni wa Mtwara na hajawahi kupanda treni. Mkononi ana fomu ya kujiunga yenye orodha: tranka, godoro, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi. Naipenda sana orodha hiyo. Kila kitu ndani yake kina aliyekinunua, aliyekikopa, na kile kimoja kilichokosekana. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kurasa nne nzuri mno kuhusu msichana aliyefika na vitu vyote isipokuwa fyekeo, na jinsi alivyokuwa akiamka mapema kila siku ya usafi ili aazime kabla mwenye nalo hajalihitaji.

Yupo wa kurudia darasa. Shule anaijua kuliko wenzake wote, lakini darasani ni mgeni, na pengine amekalishwa dawati moja na mdogo wake. Wachache sana wanamwandika huyu. Natamani wangekuwa wengi.

Na yupo wa uhamisho, aliyeingia katikati ya mwaka barua ikiwa mfukoni, wenzake wakiwa wamekwisha kugawana madawati, marafiki na majina ya utani. Kwa hadithi fupi huyu ndiye mwenye nguvu zaidi, kwa sababu yuko peke yake tangu sentensi ya kwanza. Anayeanza kuandika naomba aanze naye.

Kuhusu safari ya kuja shuleni: usiipe kurasa tatu kwa sababu tu ilikuwa ndefu. Ipe nafasi kama kuna jambo lilitokea njiani. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na pale Tabora njia inagawanyika: mabehewa ya Mwanza yanakatwa kwenda kaskazini, ya Kigoma yanaendelea magharibi. Mtoto aliyehama behewa usiku kumfuata rafiki aliyempata njiani, akalala huko, halafu akaamka na kuuliza mbona hawajafika Kaliua, kituo cha njia ya Kigoma, huyo amepata safari inayostahili kuandikwa.

Hatua ya tatu: tafuta jambo ambalo wenyeji hawajui kwamba wanalijua

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila shule ina kanuni zilizobandikwa ukutani. Hizo hazikusaidii sana, maana mgeni anaweza kuzisoma. Zipo nyingine ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka. Bomba lipi halikauki. Mwalimu yupi akivua miwani mnyamaze. Upande gani wa mwembe ni wa darasa la saba. Wenyeji wanaziishi kama wanavyopumua. Ukiwauliza, watakwambia hapa hatuna kanuni kama hiyo. Mgeni akizivunja ndipo wao wenyewe wanazitambua. Hadithi yako itafute kanuni moja ya namna hiyo. Moja tu, na itoke mahali pako, si mahali popote.

Nitoe mfano wa Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Samaki wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi wanafanya kazi siku za giza na kupumzika siku za mbalamwezi. Asiyevua hawezi kuliona hilo kama jambo la shule. Lakini nenda kwenye darasa lenye watoto wa Kibirizi, ufukwe wa wavuvi pale Kigoma. Siku za giza kuna hela ya daftari, kuna wanaofika wamechoka kwa sababu alfajiri walikuwa wanamsaidia mama kuanika dagaa kwenye vichanja, na kuna dawati linalobaki wazi mpaka kipindi cha pili. Siku za mbalamwezi watu wanawahi, wamelala vizuri, na michango inachelewa kulipwa. Darasa zima linahesabu mwezi bila kujua kwamba linahesabu.

Sasa mwingize humo mgeni. Tumwite Baraka, katoka Dodoma, hajawahi kuishi karibu na maji. Ni siku za giza. Mwalimu anamwambia akae penye nafasi. Penye nafasi ni pa Hamisi.

Usiharakishe kueleza. Baraka akae. Mwache atoe kalamu.

Ili kupata kanuni yako mwenyewe, fanya zoezi hili kwa wiki moja: kila siku andika swali moja ambalo mtu aliyefika jana angeuliza na wewe ungeshangaa kwamba linaulizwa. Mbona kengele hapa ni ringi ya gari? Mbona yule bibi wa maandazi hamumlipi leo? Mbona jua linazama majini? (Hili la mwisho lilikuwa langu. Kwetu Tanga jua linatoka majini; Kigoma linateremka nyuma ya milima ya Kongo, na kwa miezi nilihisi siku inaenda kinyume.) Mwishoni mwa wiki utakuwa na maswali saba. Chagua lile ambalo kulijibu kunahitaji kumtaja mtu.

Hatua ya nne: chagua nani asimulie

Karibu wote wanaoanza humpa mgeni usimulizi: "Nilipoingia darasani macho yote yalinielekea." Inawezekana, ila ujue umejifunga. Mgeni hajui kitu, kwa hiyo kila kitu kitabidi aambiwe, na utarudi kwenye ule upande wa kulia wa daftari. Jaribu kumpa usimulizi mwenyeji anayemtazama. Huyu anaijua kanuni, anaona kosa linakuja, na hasemi. Ukimya wake ndio mgogoro.

Huu ni mwanzo wa aina ninayoipokea kila Jumamosi:

"Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema, jua likichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo za kumsifu Muumba. Siku hiyo alikuja mwanafunzi mgeni aliyeitwa Baraka. Baraka alikuwa mpole, mwenye heshima na bidii katika masomo. Wanafunzi wote walimshangaa."

Jua na ndege wanaweza kuwa wa popote. Upole na bidii tumeambiwa, hatujaviona. Na hatujui wanafunzi walishangaa nini. Sasa tumpe usimulizi Zuhura, aliyekaa dawati la nyuma yake:

"Alikaa kwa Hamisi. Mwalimu alikuwa amesema akae penye nafasi, na kweli palikuwa na nafasi. Hakuna aliyemwambia. Niliangalia anavyopanga vitu vyake, rula, kalamu mbili, kifutio kipya, akiviweka juu ya herufi H ambayo Hamisi aliichonga kwa msumari. Kipindi cha pili Hamisi akaingia. Magamba ya dagaa yalikuwa yamemganda vifundoni, yanameta. Mwalimu hakumuuliza kitu. Hamisi akasimama pembeni ya dawati, akamtazama mgeni, halafu akatutazama sisi. Ndipo mgeni akanyoosha mkono. 'Mwalimu, mbona yeye amechelewa na hachapwi?'"

Nimeandika kipande hiki mara nyingi mpaka kikakaa hivi, na bado nakitilia shaka pale kwenye kifutio. Lakini tazama kilichotokea. Swali la Baraka ni la haki kabisa. Alikotoka, aliyechelewa huadhibiwa. Hapa mwalimu na darasa walikuwa na mapatano ambayo hayajawahi kutajwa, na sasa yametajwa kwa sauti. Mwalimu atafanya nini? Akimchapa Hamisi, ameyavunja mapatano. Asipomchapa, itabidi aeleze. Ukiweza kumfikisha mtu mzima kwenye kona kama hiyo kwa swali la mtoto, hadithi yako itajiendesha.

Hatua ya tano: mpe jembe siku ya tatu

Wahenga walikwisha kutupangia mtiririko: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza watu wanamtazama, na yeye anawatazama. Siku ya tatu lazima afanye kazi ya mahali pale, kwa mikono yake. Hadithi nyingi za wanafunzi wangu hukwama kwa sababu mgeni anabaki kutazamwa mpaka ukurasa wa mwisho.

Kazi yenyewe iwe ya kweli, na uijue. Baraka anaweza kwenda Kibirizi Jumamosi, akapewa dagaa wa kugeuza kwenye kichanja. Atawageuza vibaya. Ataona wanavyovunjika vichwa. Mama yake Hamisi atamwambia, "Polepole, baba, hao ndio ada ya huyu," na asiseme zaidi. Kama hujawahi kugeuza dagaa, nenda ukageuze, au chagua kazi nyingine unayoijua: kuchota maji, kufyeka, kupika makande ya bweni zima. Msomaji wa Kigoma atakukamata mara moja ukikosea, na akikukamata hapo hatakuamini penginepo.

Hatua ya sita: sikiliza midomo ya watu

Darasa la Kigoma lina Kiswahili cha namna nyingi. Kuna watoto waliokua na Kiha nyumbani, kuna wa Ujiji ambao Kiswahili kimekaa kwao vizazi na vizazi, kuna waliotoka ng'ambo ya ziwa na Kiswahili cha Kongo. Mgeni wako akitoka ng'ambo, atasema "niko natafuta ofisi" pale wenzake wanaposema "natafuta ofisi". Tofauti ndogo kama hiyo, mara moja au mbili, inatosha. Usimwandikie kila neno kwa matamshi yake mpaka awe kichekesho. Nimewahi kumrudishia mwanafunzi hadithi nzima kwa sababu hiyo, nikamwomba aiandike tena akiwa amekaa karibu na mwenzake anayezungumza hivyo. Alibadilisha zaidi ya matamshi.

Angalia pia nani anamwitaje nani. Mtoto hamwambii mwalimu "wewe". Muuza maandazi ni mama au bibi, na jina lake halisi wachache wanalijua. Mgeni huitwa "we mgeni" siku ya kwanza. Weka alama siku anayoitwa kwa jina lake mara ya kwanza, na nani aliyemwita. Ukilifanya vizuri, hutahitaji kueleza kwamba amekubalika.

Kama mgeni wako aliwahi kuishi kweli

Wengine hupenda kumwandika mtu wa historia, na Tabora inawapa mmoja mkubwa. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia Shule ya Tabora mwaka 1937. Baada ya Makerere alirudi mji uleule, safari hii akiwa mwalimu katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Kwa hiyo aliingia Tabora mgeni mara mbili, mara moja kukaa kwenye dawati, mara nyingine kusimama mbele ya madawati.

Ushauri wangu: usimtie maneno mdomoni ambayo hakuna aliyeyasikia. Mwandike mvulana wa kubuni aliyefika mwaka ule wa 1937, akakaa bweni moja na Mzanaki mwembamba asiyemjua. Uliza mambo yanayoweza kujulikana. Reli ya Mwanza hadi Tabora ilikuwa imefunguliwa mwaka 1928, basi mvulana wa kutoka Musoma angeweza kupita ziwani mpaka Mwanza kisha akapanda treni. Shule yenyewe ilikuwa na viranja na taratibu zilizoigwa kwenye shule za bweni za Uingereza. Mtoto aliyetoka kuchunga angeshangaa nini kwanza, vitanda au kengele? Hapo unabuni bila kumsingizia mtu.

Kumalizia hadithi

Nawaomba sana: mgeni asishike namba moja kwenye mtihani. Najua inavutia. Kati ya hadithi kumi ninazopokea, nyingi humalizia hapo, makofi yakipigwa, na waliomcheka wakiomba msamaha. Kinachoniumiza ni kwamba mwisho huo unasema mgeni anastahili kukaa nasi kwa kuwa ametushinda. Na yule mgeni wa namba thelathini na nane?

Malizia kwenye kitu kidogo kilichobadilika, kitu ambacho ulikionyesha mapema. Sisi tulikuwa na dawati. Mwezi umezunguka, giza limerudi. Asubuhi Baraka anafika wa kwanza, anakaa ukingoni kabisa, nusu ya mapaja nje, na upande wenye herufi H anauacha mtupu. Zuhura anamwona. Unaweza kuishia hapo.

Kusomeana na kufuta

Rasimu ya kwanza isome kwa sauti, si kimoyomoyo. Kiswahili kina mapigo yake, na sentensi mbovu utaisikia kabla hujajua kosa ni nini. Kisha futa aya ya kwanza uone kama hadithi inasimama bila hiyo. Mara nyingi inasimama, tena vizuri zaidi.

Mwishoni tafuta wasikilizaji wawili. Mmoja awe mwenyeji wa mahali unapopaandika, akuambie wapi umedanganya kuhusu mahali. Wa pili awe mtu aliyewahi kuhamia shule, akuambie wapi umedanganya kuhusu ugeni. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo kwa heshima. Waulize walipoacha kuamini, na waweke kidole kwenye mstari wenyewe.

Nilimsomea kile kipande cha Baraka na Hamisi rafiki yangu wa zamani, mtoto wa Kibirizi, ambaye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote siku ile ya mstarini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye vifundo. "Si vifundoni, Bahari," akasema. "Magamba yanaganda hapa, nyuma ya mkono, kwa sababu ndiko unakojifutia jasho." Sijabadilisha bado. Nataka kwanza niende nikaangalie.